Wasichana wa uhandisi na kompyuta: Kudahiliwa si kuhitimu

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1995, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilichopo katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, kilikuwa miongoni mwa vyuo vinavyosifika zaidi duniani kwa kufundisha sayansi ya kompyuta. Pamoja na sifa hiyo, kati ya kila wanafunzi 100 walioanza mwaka wa kwanza katika fani hiyo, wasichana walikuwa saba tu.

Hata hao saba, si wote waliofika mwisho. Wasichana walikuwa wakiihama fani hiyo kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana, na wengi wa waliohama hawakuwa wamefeli mitihani.

Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 2000, wasichana walioanza mwaka wa kwanza katika fani hiyo hiyo walikuwa wamefikia asilimia 42.

Kilichofanyika katika miaka hiyo mitano kimekuwa moja ya mifano inayorejewa mara nyingi kila wataalamu wa elimu ya juu wanapojadili namna ya kuwavuta wanawake katika uhandisi na kompyuta, na namna ya kuwafanya wabaki huko hadi wahitimu.

Fundisho lake kubwa ni kwamba upungufu haukuwa katika vichwa vya wasichana. Ulikuwa katika namna walivyochaguliwa, walivyofundishwa na walivyopokelewa na wenzao.

Fundisho hilo lina uzito wa pekee kwa Afrika Mashariki, ambako kwa zaidi ya miaka 30 juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye mlango wa kuingilia chuoni, huku yanayotokea baada ya mlango huo yakipewa nafasi ndogo.

Mlango wa kuingilia

Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda ndicho kilichotoa mfano unaojulikana zaidi. Kuanzia mwaka 1990, kila msichana aliyeomba kujiunga na chuo hicho aliongezewa alama 1.5 juu ya zile alizopata katika mitihani yake ya sekondari.

Utaratibu huo uliongeza idadi ya wanawake chuoni hapo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya walionufaika ilikwenda katika masomo ya sanaa na jamii, kwa kuwa alama za nyongeza hazimsaidii msichana ambaye hakusoma fizikia na hisabati tangu sekondari.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifuata njia tofauti kidogo. Wasichana waliokosa kwa alama chache sifa za kujiunga na masomo ya sayansi, na baadaye uhandisi, waliitwa chuoni mapema na kufundishwa kwa wiki kadhaa masomo ya msingi kama hisabati na fizikia, kisha wakapewa mtihani. Waliofaulu walidahiliwa.

Katika miaka ya mwanzoni mwa karne hii, Shirika la Carnegie la New York nalo lilifadhili masomo ya wasichana katika vyuo vyote viwili, Makerere na Dar es Salaam, jambo lililowaondolea mzigo wa ada wasichana kutoka familia zisizo na uwezo.

Katika miaka ya karibuni, Serikali ya Tanzania imepanua mlango huo kuanzia ngazi ya chini zaidi. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022, mwaka huo huo ukaanzishwa ufadhili unaojulikana kwa jina la Rais Samia kwa wanafunzi wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, na mpango wa kujenga shule 26 za sekondari za sayansi kwa wasichana, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, ukaingia katika utekelezaji.

Hatua zote hizo ni za lazima, kwani chuo hakiwezi kumbakiza mwanafunzi ambaye hakuwahi kuingia. Hata hivyo, swali linalofuata ni gumu zaidi, nalo ni je, msichana huyo akishaketi katika ukumbi wa mihadhara akiwa mmoja kati ya kumi, nini kinamfanya aendelee au aondoke?

Walioamua kuuliza

Swali hilo ndilo lililoulizwa Carnegie Mellon. Allan Fisher, aliyekuwa akisimamia masomo ya shahada ya kwanza ya kompyuta chuoni hapo, aliungana na mtafiti wa masuala ya jamii, Jane Margolis. Kuanzia mwaka 1995 hadi 1999 wawili hao waliwahoji zaidi ya wanafunzi 100, wa kike na wa kiume, na wengi wao waliwahoji zaidi ya mara moja kadiri walivyoendelea na masomo. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa katika kitabu mwaka 2002.

Jambo la kwanza walilobaini lilianzia nyumbani. Familia nyingi zilizokuwa na kompyuta ziliiweka katika chumba cha mtoto wa kiume, naye ndiye aliyechezea, kuifungua na kuiunganisha tena. Dada yake aliitumia kwa kupita. Wanafunzi hao walipofika chuoni, mvulana alionekana ana kipaji cha kuzaliwa, kumbe alikuwa na miaka kadhaa ya mazoezi.

La pili lilihusu sababu za kuipenda fani. Wavulana wengi walivutiwa na mashine yenyewe. Wasichana wengi walivutiwa na kile ambacho mashine ingeweza kufanya katika tiba, elimu, sanaa na maeneo mengine ya maisha. Masomo ya mwaka wa kwanza yalijaa mambo ya mashine yenyewe, na matumizi yake yalisubiri hadi miaka ya mwisho, wakati baadhi ya wasichana walikwisha kuondoka.

La tatu, na pengine lenye uzito zaidi, lilihusu kujiamini. Wasichana waliofika wakiwa na shauku walianza kuamini kuwa hawafai baada ya kuwasikia wenzao wakizungumza kwa lugha ya kitaalamu kana kwamba kila mtu aliifahamu. Wapo waliojilinganisha na wavulana waliokesha usiku kucha mbele ya kompyuta, wakahitimisha kuwa asiyeishi hivyo hakuumbwa kwa ajili ya fani hiyo.

Utafiti huo ulionyesha kuwa uzoefu wa awali haukuwa kipimo cha nani angefaulu mwishoni. Mwanafunzi asiye na uzoefu aliyevumilia mihula ya mwanzo aliweza kufikia kiwango cha wenzake. Tatizo lilikuwa kuvuka mihula hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba kompyuta haikuanza kama kazi ya wanaume. ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliyozinduliwa mwaka 1946 katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, iliandaliwa programu zake na wanawake sita. Katikati ya miaka ya 1980 wanawake walikuwa wakichukua takriban asilimia 37 ya shahada za kwanza za kompyuta nchini Marekani. Kiwango hicho kiliporomoka hadi takriban asilimia 18 mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya kompyuta za nyumbani kuuzwa na kutangazwa kwa miaka mingi kama bidhaa ya wavulana.

Kutokana na matokeo hayo, Carnegie Mellon ilibadili mambo kadhaa. Udahili uliacha kutoa upendeleo kwa waombaji waliokwisha kuwa na uzoefu mkubwa wa kuandika programu, ingawa viwango vya ufaulu katika hisabati na sayansi havikushushwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliwekewa njia zaidi ya moja za kuanzia kulingana na uzoefu wao. Walimu wa sekondari kutoka sehemu mbalimbali za Marekani waliitwa chuoni wakati wa likizo kufundishwa namna ya kuwavuta wasichana.

Aidha, mwaka 1999 alijiunga na chuo hicho mwanahisabati Lenore Blum, aliyeanzisha chombo cha wanafunzi na walimu wa kike wa kompyuta. Kupitia chombo hicho wasichana walipata mambo ambayo wavulana waliyapata bila kuyatafuta, yaani wenzao wa kusoma nao, taarifa za kazi na wakubwa wa kuwauliza.

Blum na mwenzake Carol Frieze walikuja kubaini jambo jingine muhimu. Idadi ya wasichana ilipokaribia ile ya wavulana, tofauti nyingi za mitazamo zilizoonekana awali zilipungua. Kwa maoni yao, hapakuwa na haja ya kutunga mtaala laini kwa ajili ya wanawake. Kilichohitajika ni kubadili mazingira na kutoa fursa sawa.

Darasa la kwanza

Mfano wa pili unatoka Claremont, California, katika chuo kidogo cha sayansi na uhandisi cha Harvey Mudd. Mwaka 2006 chuo hicho kilimpata rais wake wa kwanza mwanamke, mtaalamu wa hisabati na kompyuta Maria Klawe, aliyekiongoza hadi mwaka 2023. Wakati anaingia, ni takriban mwanafunzi mmoja tu kati ya kumi wa fani ya kompyuta aliyekuwa mwanamke.

Walimu wa idara ya kompyuta walianza na somo la utangulizi, ambalo kila mwanafunzi wa chuo hicho hulazimika kulisoma. Lugha ya Java, inayomtaka anayeanza kushika kanuni nyingi kabla ya kuona matunda, iliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na Python, iliyo rahisi zaidi kuanza nayo. Jina la somo nalo lilibadilishwa ili lieleze utatuzi wa matatizo ya sayansi na uhandisi, badala ya kutaja lugha ya kompyuta pekee.

Kisha darasa liligawanywa. Wasio na uzoefu waliwekwa kundi lao na wenye uzoefu kundi lao, yakapewa majina ya rangi za chuo, dhahabu na nyeusi, ili lisionekane moja ni la werevu na jingine ni la wajinga. Mwisho wa muhula makundi yote yalikuwa tayari kuendelea na somo linalofuata.

Hata ndani ya makundi hayo walikuwapo wanafunzi waliopenda kuuliza maswali ya kujionyesha, ambayo wenzao hawakuyaelewa na yakawavunja moyo. Walimu waliwaita faragha, wakawashukuru kwa shauku yao, na kuwaomba waendeleze mazungumzo hayo ofisini badala ya darasani. Hatua hiyo haikugharimu chochote.

Mambo mengine mawili yaliongezwa. Wasichana wa mwaka wa kwanza walipelekwa katika mkutano mkubwa wa wanawake wa kompyuta uliopewa jina la Grace Hopper, mmoja wa waasisi wa fani hiyo, wakajionea maelfu ya wanawake wanaoishi kwa kazi hiyo. Wengine walipewa nafasi ya kushiriki utafiti wakati wa likizo mara tu baada ya mwaka wa kwanza, bila kusubiri wawe wakongwe.

Katika miaka michache, wanawake katika fani ya kompyuta chuoni hapo walifikia takriban asilimia 40. Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza, walikuwa zaidi ya nusu ya wahitimu wa fani hiyo, asilimia 55.

Ni kweli kwamba Harvey Mudd ni chuo kidogo chenye fedha, na wanafunzi wake huchaguliwa kwa umakini mkubwa. Chuo chenye darasa la wanafunzi 300 na maabara moja hakiwezi kuiga kila kitu. Lakini kugawa makundi kwa uzoefu, kuanza na lugha nyepesi na kumzungumzia mwanafunzi mjuaji pembeni ni mambo yanayowezekana hata pasipo majengo mapya.

Dada wa mwaka wa juu

Ushahidi mwingine ulipatikana katika uhandisi. Mwaka 2017 watafiti Tara Dennehy na Nilanjana Dasgupta wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu wasichana 150 waliokuwa wakianza shahada ya uhandisi.

Kwa kupangwa bila kuchagua, theluthi ya wasichana hao walipewa mlezi wa kike kutoka miaka ya juu ya uhandisi, theluthi nyingine walipewa mlezi wa kiume wa aina hiyo hiyo, na waliobaki hawakupewa mlezi. Kazi ya mlezi ilikuwa kukutana na mdogo wake mara chache katika mwaka huo wa kwanza, kumsikiliza na kumwelekeza.

Mwaka ulipokwisha, wasichana wote waliokuwa na mlezi wa kike walikuwa bado katika uhandisi. Miongoni mwa waliokuwa na mlezi wa kiume, asilimia 18 walikuwa wameondoka, na kati ya wasio na mlezi, asilimia 11.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba kubaki huko hakukutokana na kupanda kwa alama darasani. Wenye walezi wa kike waliendelea kujihisi kuwa ni wa mahali pale na kwamba changamoto wanaziweza. Kwa wengine hisia hizo zilififia kadiri mwaka ulivyosonga.

Kwa lugha ya vyuo vya Tanzania, msichana anaweza kuondoka bila "kudisko", yaani bila kuondolewa kwa kushindwa mitihani. Anaomba kuhamia fani nyingine, au anaahirisha mwaka na harudi, na katika kumbukumbu za chuo anaonekana kuwa ameamua mwenyewe.

Katika Afrika Mashariki yapo makundi yaliyoanza kujenga undugu wa aina hiyo nje ya vyuo. Jijini Nairobi, AkiraChix ilianzishwa mwaka 2010 na wanawake vijana wa fani ya kompyuta, na hutoa mafunzo kwa wasichana kutoka familia zenye kipato kidogo. Nchini Tanzania, Apps and Girls iliyoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima mwaka 2013 imekuwa ikiwafundisha wasichana wa shule kuandika programu kupitia klabu zao.

Msichana aliyepita katika klabu kama hizo hufika chuoni akiwa amekwisha kuishika kompyuta, na akiwa na namba za simu za wakubwa wawili watatu wa kuwapigia mambo yanapokuwa magumu.

Usalama na heshima

Yapo pia mambo ambayo ulezi pekee hauwezi kuyamaliza. Kazi za karakana na maabara za uhandisi na kompyuta mara nyingi huendelea hadi usiku, kwa kuwa vifaa ni vichache na wanafunzi ni wengi. Msichana anayeishi mbali na chuo, anayetegemea daladala na kupita njia isiyo na taa, hulazimika kuchagua kati ya zamu ya kompyuta na usalama wake.

Kwake, kitanda katika bweni la chuo ni sehemu ya masomo kama kilivyo kitabu. Hali kadhalika ratiba ya maabara inayompa zamu ya mchana, na vyoo vya wanawake katika majengo ya karakana yaliyojengwa enzi ambazo wanafunzi karibu wote walikuwa wanaume.

Jingine ni rushwa ya ngono. Katika darasa lenye wasichana wachache, ambako mhadhiri mmoja anaweza kushika somo, usimamizi wa mradi wa mwisho na barua ya mafunzo kwa vitendo, msichana anayedaiwa ngono ili apewe alama zake halali huwa hana pa kukimbilia.

Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inataja wazi kuwa ni kosa kwa mwenye mamlaka kudai ngono ili kutoa haki, upendeleo au nafasi yoyote. Mwezi Oktoba 2019, uchunguzi wa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, uliofanyika katika vyuo vikuu nchini Nigeria na Ghana, uliionyesha dunia kuwa tatizo hilo halina mpaka.

Sheria peke yake, hata hivyo, haimsaidii mwanafunzi anayeogopa kuwa mitihani yake itasahihishwa na yule yule anayemlalamikia. Kinachomlinda ni taratibu za kawaida za kitaaluma, zikiwamo kusahihisha kwa namba badala ya majina, mradi wa mwisho kupimwa na zaidi ya mtu mmoja, na malalamiko kupokelewa nje ya idara husika.

Kazini

Safari haiishii kwenye joho la mahafali. Kwa mhandisi wa Tanzania, shahada humfanya awe mhandisi mhitimu, na ni lazima apate uzoefu wa kazi chini ya usimamizi kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumsajili kuwa mhandisi mtaalamu.

Kwa ajili hiyo, mwaka 2003 bodi hiyo ilianzisha mpango maalumu wa mafunzo ya miaka mitatu kwa wahitimu. Baadaye Serikali ya Norway ilifadhili nafasi za wahandisi wanawake katika mpango huo, baada ya kuonekana kuwa wanawake wengi waliohitimu hawakuwa wakifikia usajili.

Hatua hiyo ina maana kubwa kwa walio bado chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayemwona dada yake wa juzi akisimamia ujenzi wa barabara au akiendesha mitambo ya umeme, hahitaji hotuba ya kumwambia kuwa inawezekana.

Kuhesabu wanaoondoka

Katika mifano yote hii, kazi ilianza kwa hesabu. Carnegie Mellon haikuridhika na kujua wangapi wameingia. Ilitaka kujua wangapi wameondoka, wakati gani na kwa sababu zipi, na iliwauliza wahusika wenyewe wakiwa bado chuoni.

Vyuo vingi hutangaza kwa fahari asilimia ya wasichana waliodahiliwa kila mwaka mpya wa masomo unapoanza. Takwimu yenye manufaa zaidi ni ile inayofuatilia kundi moja tangu siku ya usajili hadi siku ya mahafali, ikiwatenganisha wasichana na wavulana, na kuonyesha ni somo gani na muhula gani wengi walipotelea.

Gharama za kutofanya hivyo hulipwa na wengi. Mkopo wa elimu ya juu uliotumika miaka miwili hudaiwa hata kama shahada haikupatikana, mzazi aliyeuza shamba halirudishi, na taifa hukosa mhandisi ambaye lilikwisha kumsomesha kwa miaka 13 ya msingi na sekondari.

Mwaka 2016 wasichana walikuwa karibu nusu ya walioanza mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta Carnegie Mellon, katika fani ambayo miaka 21 kabla yake walikuwa saba katika kila 100. Wasichana hao hawakuwa na akili kuliko dada zao waliotangulia. Walikikuta chuo kilichokwisha kuwauliza dada zao kwa nini waliondoka.